Kemo, vidonge lengwa au tiba ya kinga: tazama kwanza askari wa mwili wamesimama wapi

Kazi yangu ni ya maabara ya patholojia. Kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe wa mgonjwa hunifikia mezani kikiwa ndani ya kipande cha nta. Nakikata vipande vyembamba mno, navipaka rangi, kisha naviweka chini ya hadubini. Seli za saratani huonekana kubwa, zimebanana ovyo, viini vyake vimevimba. Lakini siku hizi jicho langu halikai hapo. Linatafuta vidoa vidogo vya mviringo, buluu iliyokolea, mithili ya vichwa vya pini. Hizo ni limfosaiti, chembe nyeupe za damu zenye kazi ya kutambua kilicho kigeni au kilichoharibika mwilini na kukiua.

Kuna picha tatu ambazo nimeziona hadi nimezizoea. Katika ya kwanza, vidoa vile vimejaa ndani kabisa ya uvimbe, vimechanganyika na seli za saratani: askari wameingia, ila wamesimama hawapigani. Katika ya pili vimejipanga pembezoni, mstari mzima, kama watu waliofika getini wakakuta limefungwa. Katika ya tatu hakuna kitu. Seli za saratani ziko peke yake, zimetulia, utadhani mwili haujapata habari. Wenye kazi hii huita picha ya kwanza uvimbe wa moto na ya tatu uvimbe baridi. Ile ya pili iko katikati.

Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na saratani ya jina moja na hatua moja, wakapewa dawa moja, mmoja akapona na mwenzake asipate nafuu hata ya mwezi. Sehemu ya jibu iko kwenye picha hizo tatu. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mgonjwa, au ndugu anayemuuguza, aliyewekewa mbele yake njia mbili tatu akaambiwa akafikirie. Watu wengi huuliza ipi ni kali zaidi. Mimi nakuomba uulize hivi: dawa hii inaua yenyewe, au inautegemea mwili wangu uue? Na kama inautegemea, mwili wangu uko tayari? Majina ya dawa nitayaacha yalivyo kwenye chupa, ili uweze kuyalinganisha na karatasi yako.

Kila tiba inauomba mwili nini

Kemo inaua yenyewe. Inashambulia seli zinazogawanyika haraka, na kwa kuwa uboho wa mifupa nao huzalisha chembe za damu kwa kasi, chembe nyeupe hushuka pamoja na saratani. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ndipo kinga inapokuwa chini kabisa, na homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni ya kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku huohuo bila kungoja kuche. Kwa miaka mingi kemo ilihesabiwa kuwa adui wa kinga, basi. Utafiti umeongeza upande wa pili. Dawa kama doxorubicin na oxaliplatin huiua seli kwa kishindo: inapokufa husukuma juu ya utando wake protini iitwayo kalretikulini, alama ya kuziita chembe walaji zije zile, na humwaga nje kemikali za tahadhari. Mabaki hupelekwa kwenye tezi za limfu, na huko seli T, aina ya limfosaiti, hufundishwa sura ya adui. Cisplatin ni ya ukoo mmoja na oxaliplatin, lakini haina kishindo hicho kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo hata dawa inayoonekana kufanya kazi peke yake, huenda kazi nyingine inamaliziwa na mwili.

Dawa lengwa, ambazo nyingi ni vidonge, huzima swichi moja mahususi iliyokwama kwenye kuwaka kwa sababu jeni imeharibika. Swichi ikiwepo, hufanya kazi upesi. Wapo wanaoanza kupumua vizuri ndani ya wiki chache. Isipokuwepo, umekunywa vidonge bure. Hapa kinga haiombwi mengi, ingawa zipo zilizo na miguu miwili. Trastuzumab, inayotumika tangu 1998 kwa saratani ya matiti yenye protini ya HER2 kupita kiasi juu ya seli zake, hushika HER2 kwa mkono mmoja na kwa mkia wake huziita chembe za kinga zije kumaliza.

Tiba ya kinga ndiyo inayowachanganya watu. Seli T ina breki juu ya utando wake, na ni vizuri inazo, kwani bila breki kinga ingeula mwili wenyewe. Breki moja ni PD-1, iliyotambuliwa na Tasuku Honjo na wenzake huko Japani mwaka 1992. Nyingine ni CTLA-4. James Allison wa Marekani alionyesha kwamba ukiizuia kwa panya, uvimbe hupungua hadi kutoweka. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Seli ya saratani hujifunza kuvaa protini iitwayo PD-L1, na kila seli T inapoisogelea, PD-L1 inaikanyaga ile breki ya PD-1. Askari anasimama hatua moja tu kutoka kwa adui. Pembrolizumab na nivolumab huziba PD-1. Ipilimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huziba CTLA-4.

Dawa hizi za breki haziui seli ya saratani kwa mkono wake. Zinaachia breki tu. Penye picha ya kwanza, ile ya askari waliokwisha kuingia, kuachia breki kunaweza kuleta maajabu. Penye picha ya tatu, umeachia breki za gari lisilo na injini. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya saratani ya ngozi ya melanoma, ya mapafu kwa wavutaji sigara, ya figo na ya kibofu ziitikie mara nyingi zaidi, huku ya kongosho na ya tezi dume zikibaki ngumu. Jua na moshi wa sigara huharibu DNA mahali pengi, na kila uharibifu ni nafasi ya seli kuonekana ngeni machoni pa kinga.

Kemo au tiba ya kinga

Tuanze na mapafu, maana hapo takwimu ni safi. Mgonjwa ana saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo, imeshasambaa. Mimi napaka kinyama chake rangi ya kutafuta PD-L1. Seli iliyoivaa hupata ukingo wa kahawia. Nahitaji angalau seli 100 za saratani zilizo hai ili nihesabu ngapi zina ukingo huo. Zikifika 50 kati ya 100 au zaidi, na hana swichi ya EGFR wala ALK, mazungumzo yanabadilika.

Jaribio la KEYNOTE-024 liliwagawa wagonjwa wa namna hiyo 305 kwa bahati nasibu: kundi moja pembrolizumab, jingine kemo yenye platini. Baada ya miaka mitano, asilimia 31.9 ya kundi la kinga walikuwa hai, na asilimia 16.3 ya kundi la kemo, ingawa wengi wa kundi hilo la pili walikuja kupewa tiba ya kinga baadaye. Madhara makali yaliwapata asilimia 31.2 ya kundi la kinga na asilimia 53.3 ya kundi la kemo. Kwa mgonjwa kama huyo, mwenye nguvu za kutosha, sioni sababu ya kuanza na kemo peke yake pale ambapo dawa ya kinga inapatikana.

Sasa sogea kwenye utumbo mpana, uone upande wa pili wa sarafu. Baadhi ya saratani za utumbo mpana zimepoteza zana za kurekebisha makosa ya DNA. Kwenye ripoti utaona dMMR au MSI-H. Seli zake zimejaa makosa, kwa hiyo zinaonekana ngeni kupita kiasi. Kati ya wagonjwa ambao ugonjwa umeshasambaa ni kama wanne au watano kwa mia. Katika jaribio la KEYNOTE-177 pembrolizumab iliuzuia ugonjwa usikue kwa muda wa kati (ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka na nusu hawaufikii) wa miezi 16.5, kemo miezi 8.2. Ukiishia hapo utasema kinga imeshinda. Lakini asilimia 29.4 ya waliopewa kinga waliona uvimbe ukiendelea kukua tangu mwanzo, na kwa kemo waliopatwa na hilo walikuwa asilimia 12.3. Kwenye grafu, mistari miwili inakatana: miezi ya mwanzo kemo iko juu, kisha inaporomoka, na mstari wa kinga unanyooka.

Huko kukatana kwa mistari ndiko ningependa kila mgonjwa akuelewe kuliko kitu kingine chochote katika makala haya. Kemo huwahi. Hushika watu wengi, kisha kwa saratani iliyosambaa huwaachia wengi. Kinga huchelewa, huenda isimshike mgonjwa kabisa, lakini ikimshika inaweza kumshika kwa miaka, hata baada ya dripu kusimamishwa, kwa sababu seli T zina kumbukumbu. Kwa hiyo swali la muda ni swali la tiba. Mtu anayebanwa pumzi leo kwa sababu uvimbe umekandamiza njia ya hewa hana miezi mitatu ya kungoja askari waamke. Hapo ndipo kuunganisha kunapokuwa na maana: kemo inapunguza mzigo na kumwaga mabaki ya kufundishia, kinga inaendeleza. Kwa saratani ya mapafu hata wenye PD-L1 kidogo au wasio nayo walinufaika na mchanganyiko huo katika KEYNOTE-189, ambapo muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 10.6 hadi 22.0. Ukiambiwa PD-L1 yako ni sifuri, usidhani mlango umefungwa.

Na usije ukaichukua dMMR ya mtu mwingine ukaifanya yako. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru waliopewa dostarlimab, dawa nyingine ya kuziba PD-1, peke yake walipotelewa na uvimbe wote, bila kisu, bila mionzi. Habari ilizunguka dunia nzima, na simu yangu haikupumzika. Wote 12 walikuwa na dMMR. Saratani nyingi za utumbo mpana na puru hazina hali hiyo, na kwake dawa hiyohiyo ikiwa peke yake haifui dafu. Vivyo hivyo kwa Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aliyepatikana na melanoma ubongoni mwaka 2015 akiwa na miaka 90, akapewa mionzi na pembrolizumab, akafariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Watu hunitajia jina lake wakiwa na ripoti ya kongosho mkononi. Naumia kuwaambia kwamba melanoma na kongosho ni picha mbili tofauti.

Vidonge lengwa kwanza, au kinga kwanza

Hapa jibu linageuka kabisa kutegemea kiungo.

Karibu nusu ya wagonjwa wa melanoma wana swichi ya BRAF, na vidonge vyake vipo. Jaribio la DREAMseq liliuliza swali moja la kiungwana: wote watapata tiba zote mbili ikihitajika, je, waanze na ipi? Walioanza na breki mbili, ipilimumab na nivolumab, asilimia 72 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Walioanza na vidonge, asilimia 52. Hapa napo mistari ilikatana kabla mwaka haujaisha. Anayeanza na kinga hukutana na ugonjwa askari wakiwa bado na nguvu. Anayengoja mpaka vidonge vigome hufika kwenye kinga akiwa na ugonjwa uliokwisha kuzoea vita na mwili uliochoka.

Kwa saratani ya mapafu yenye swichi ya EGFR ni kinyume. Wengi wa wagonjwa hawa hawajawahi kuvuta sigara, uvimbe wao una makosa machache ya DNA, na dawa za breki huwafaa kidogo mno hata pale PD-L1 inapoonekana kubwa. Kidonge cha osimertinib ndicho kinachotangulia; katika jaribio la FLAURA muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 38.6 kwake, na 31.8 kwa vidonge vya kizazi cha kabla. Tena kuna mtego: ukianza na dawa ya PD-1 kisha ukahamia osimertinib muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba inaongezeka, kwa kuwa dawa ya kinga hukaa mwilini miezi baada ya dripu ya mwisho. Ndiyo maana majibu ya jeni ni ya kusubiriwa kabla ya kuanza, kama hali ya mgonjwa inaruhusu kungoja wiki moja mbili. Nimeona familia zikimsukuma daktari aanze upesi na "ile dawa mpya". Haraka hiyo inaweza kugharimu.

Breki moja au mbili

Kwa melanoma iliyosambaa, jaribio la CheckMate 067 lililinganisha njia tatu. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 52 kwa breki mbili, 44 kwa nivolumab peke yake, na 26 kwa ipilimumab peke yake. Sasa angalia bei ambayo mwili unailipa: madhara makali asilimia 59, 23 na 28 kwa mpangilio uleule.

Tofauti ya 52 na 44 ni watu wanane katika kila mia. Tofauti ya 59 na 23 ni watu 36. Mwenye ugonjwa uliofika ubongoni au unaokimbia, ningemwelewa akichagua mbili. Mzee aliye na uvimbe mdogo mapafuni tu, anayeishi mbali na hospitali yenye wataalamu, moja inaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa, na asione kwamba amechagua kushindwa.

Kabla ya upasuaji au baada yake

Huu ndio ulinganisho unaonifurahisha kuliko yote, kwani dawa haikubadilika hata chembe. Katika jaribio la SWOG S1801 wagonjwa 313 wa melanoma inayoweza kukatwa walipangiwa pembrolizumab mizunguko 18. Kundi moja lilikatwa kwanza, likapewa yote 18 baadaye. Jingine lilipewa 3 kwanza, likakatwa, kisha likamalizia 15. Baada ya miaka miwili, asilimia 72 ya waliotanguliza dawa hawakuwa na tukio baya kama ugonjwa kurudi, kwa asilimia 49 ya waliotanguliza kisu.

Uvimbe ukiwa bado mwilini, ni darasa. Seli T zinakutana na sura zake zote, zinazaliana kwa wingi, zinasambaa kwenye damu kutafuta mabaki yaliyojificha. Ukiukata kwanza, umeondoa kitabu kabla mwanafunzi hajasoma. Kwa saratani ya matiti aina ya hasi tatu (isiyo na vipokezi viwili vya homoni wala HER2 kupita kiasi), na kwa saratani ya mapafu inayoweza kukatwa, mpango wa kutanguliza dawa umeshaingia kwenye matibabu ya kawaida. Mtu akiambiwa "hatukukati kwanza" huogopa, anahisi ameambiwa ugonjwa umeshinda. Muulize daktari sababu. Huenda ni habari njema.

Mionzi, na seli zilizofunzwa maabara

Mionzi huua mahali ilipoelekezwa, na mara chache sana uvimbe wa mahali pengine nao husinyaa, jambo ambalo R. H. Mole alilipa jina mwaka 1953. Ni adimu, usiitegemee. Kilicho imara zaidi ni kufuatanisha: kwa saratani ya mapafu ya hatua ya tatu isiyoweza kukatwa, durvalumab, dawa inayoziba PD-L1, baada ya kemo na mionzi ilipandisha walio hai kwa miaka mitano kutoka asilimia 33.4 hadi 42.9.

CAR-T ni kitu kingine kabisa. Seli T za mgonjwa hutolewa, hupachikwa kitambuzi kipya maabara, hurudishwa. Haihitaji askari wawe wameshaingia kwenye uvimbe, kwa kuwa askari wenyewe wanatengenezwa. Tangu 2017 imeidhinishwa kwa baadhi ya saratani za damu. Kwa uvimbe mgumu wa matiti, utumbo au mapafu bado si tiba ya kawaida. Kama saratani yako si ya damu, liache kwa sasa swali hili.

Madhara: kalenda mbili tofauti

Madhara ya kemo yana kalenda. Kichefuchefu siku za mwanzo, damu kushuka wiki ya pili, nywele kuanza kung'oka wiki ya pili au ya tatu, kisha mwili unarudi. Familia inajifunza ratiba na kujipanga.

Tiba ya kinga haina kalenda. Nywele kwa kawaida zinabaki, mgonjwa anakula, wageni wanasema hana ugonjwa. Kisha, wiki ya tatu au mwezi wa nane, au hata baada ya dawa kusimamishwa, kinga iliyoachiwa breki inashika kiungo kizima: utumbo, ini, mapafu, ngozi, tezi ya thairoidi, tezi iliyo chini ya ubongo, na kwa nadra moyo, ambapo inaweza kuua.

Baba yangu mdogo alikuwa kwenye nivolumab kwa saratani ya figo. Wiki ya tisa nilimpigia simu, sauti yake ikawa nyembamba.

"Baba, unaendesha mara ngapi kwa siku?"

"Jana mara saba, mwanangu. Wamenipa dawa ya tumbo, wanasema nimekula kitu."

Kituo alichokwenda kilimtibu kama mtu mwingine yeyote mwenye tumbo la kuendesha: dawa ya vijidudu na maji ya chumvi na sukari. Siku nne zilipotea. Hakuna aliyemuuliza yuko kwenye dawa gani, naye hakusema, kwa sababu hakujua kwamba tumbo na dripu yake ya saratani ni habari moja. Utumbo wake ulikuwa umevimba kwa kushambuliwa na seli zake mwenyewe. Alipofikishwa kwa timu yake akapewa steroidi kwa dripu, siku ya tatu alilala usiku mzima. Tangu hapo ana kadi mfukoni yenye jina la dawa na namba ya simu ya timu. Nakusihi uwe nayo, na uionyeshe kwa kila anayekutibu, hata wa meno.

Steroidi hutuliza madhara mengi kati ya haya, na kuzitumia kwa ajili hiyo hakuonekani kufuta faida ya tiba. Tezi za homoni ndizo tofauti: thairoidi ikishaharibika, kidonge cha homoni kwa kawaida ni cha maisha. Na kuna dhara moja ambalo huwapa madaktari matumaini: mgonjwa wa melanoma akianza kutoka mabaka meupe ngozini, maana yake kinga inazisaka seli za rangi, na wagonjwa hao wameonekana kuwa na matokeo mazuri zaidi kwa wastani.

Jambo jingine la kulijua mapema: kwa wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, picha ya kwanza ya CT huonyesha uvimbe umekua kumbe umejaa askari waliofurika. Daktari akisema "tungoje picha nyingine" huku mgonjwa akijisikia vizuri, ni busara. Mgonjwa akidhoofika pamoja na uvimbe kukua, mara nyingi mno huko ni kukua kweli, na kungoja kunapoteza muda wa kujaribu njia nyingine.

Kinga yenye historia yake

Aliyepandikizwa figo anaishi kwa dawa za kuituliza kinga isiikatae. Ukiachia breki, figo inaweza kwenda. Katika takwimu zilizokusanywa, kama wanne kati ya kumi waliikataa. Kwake kemo au vidonge lengwa huwa na uzito mkubwa zaidi, na uamuzi ni wa timu mbili kukaa meza moja. Mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia, kama lupasi au baridi yabisi, anaweza kutibiwa, lakini ugonjwa huo unaweza kuamka.

Anayeishi na VVU asikubali kukataliwa mlangoni. Pembrolizumab imejaribiwa kwa watu wenye VVU wanaotumia dawa zao, virusi vikiwa vimedhibitiwa na CD4 ikiwa 100 au zaidi, na usalama wake ulifanana na wa watu wengine. Umri mkubwa peke yake nao si kizuizi.

Wanaoanza tiba ya kinga wakiwa tayari kwenye prednisone, ambayo ni steroidi, miligramu 10 au zaidi kwa siku wameonekana kufanya vibaya zaidi, ingawa wengi wao walikuwa wagonjwa zaidi tangu awali. Antibiotiki karibu na mwanzo wa tiba nazo zimehusishwa na matokeo duni, pengine kwa kuwa huvuruga bakteria wa utumbo wanaoichokoza kinga. Ukiwa na maambukizi ya kweli, tumia. Ukiwa na mafua tu, usinunue dukani.

Na hizo chupa za "kuongeza kinga"? Nitasema wazi, kwa kuwa nimewaona watu wakiuza vitu vyao kuzinunua. Shida ya uvimbe baridi haitokani na uchache wa chembe nyeupe kwenye damu. Mgonjwa anaweza kuwa na damu iliyojaa chembe nyeupe na kioo cha uvimbe wake chini ya hadubini yangu kikawa hakina hata moja, kwa kuwa hakuna kilichoziita ziingie au kuna ukuta umezizuia. Kinywaji hakiondoi ukuta huo. Mimea mingine huingiliana na dawa kwenye ini, na vipimo vya ini vikipanda daktari hajui alaumu dawa au mimea, hivyo husimamisha dawa yenye faida.

Kabla hujaondoka chumba cha daktari

Mengi ya niliyoandika hayawezekani kama kinyama ni kidogo. Kila kipimo, PD-L1, MMR, EGFR, BRAF, HER2, kinakula vipande kadhaa, na nta ikiisha imeisha. Kuna siku nimeandika "sampuli haitoshi" nikijua kwamba upande wa pili wa karatasi ile kuna mtu atakayechomwa sindano tena, au atakayepewa tiba kwa kubahatisha. Kwa hiyo kabla ya sindano uliza kitachukuliwa kiasi gani na kitapimwa nini. Baada yake, uliza nta yako imehifadhiwa wapi na chini ya namba gani, uiandike. Ukihamia hospitali nyingine, nta inaweza kukufuata. Saratani ikirudi miaka miwili baadaye, omba kinyama kipya kama kinapatikana kwa usalama, kwa sababu nimeshaona uvimbe uliokuwa wa moto ukirudi baridi, na uliofungiwa geti ukirudi umejaa askari.